Herufi Nono za Baba

Harufu ya wino na mafuta ya taa hunichefua hadi leo. Ndiyo aliyorudi nayo baba kila jioni nyumbani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, akitoka mjini kwenye kiwanda cha uchapaji alikokuwa mpanga herufi. Herufi ndogo zilikuwa za madini ya risasi. Kubwa, za matangazo ya ukutani, zilikuwa za mbao, na baba aliziita Nono: zenye matumbo, mistari minene, na miguu iliyoviringana kama vidole vya mtoto mchanga. Zilitangaza sabuni, chai, dansi na mpira. Hata asiyejua kusoma akiziona alijua kuna jambo la furaha. Nilizipenda mno, na hilo ndilo linaloniuma.

Nono zilitoka Ulaya, na huko hawana haja na K nyingi. Kiswahili kinazila. Kwa hiyo K zilipopungua baba alizichonga mwenyewe kwa mbao za mninga, uani kwetu, zikiwa zimegeuka ili zikichapwa zisomeke sawa. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua kwa majani ya msasa mpaka ziteleze. Kiangazi kimoja, nikiwa na miaka tisa, alileta vipande vinne kwa mpigo. Siku zote alichonga huku akiimba. Safari hii hakuimba. Nikamuuliza, "Baba, hizi za dansi gani?" Akasema, "Sugua, mwanangu." Nikasugua siku mbili, kisha nikajisifu kwa mama kwamba hazina hata mkwaruzo mmoja.

Wiki iliyofuata karatasi zilibandikwa kwenye milango yote ya mtaa wetu. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliitazama ya kwetu akatabasamu. "Haya, dansi la nani tena hilo?" Mimi ndiye niliyemsomea. KILA MKAZI AONDOKE KABLA YA MWISHO WA MWEZI. Mwenye shamba la minazi tulimojenga alikuwa anaitaka ardhi yake. K zote nne zilikuwa zetu. Nilizijua kwa miguu yake, laini kama nilivyoiacha. Baba aliporudi, mama alimsubiri kizingitini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mtoto ukamsuguisha?"

"Mie napanga herufi, mama Zuhura. Maneno si yangu."

Mama alipanda juu ya kinu akaanza kung'oa makuti ya banda la jiko, maana tungeyahitaji tuendako. Nilimchukia yule mwenye shamba, lakini baba nilimchukia zaidi, na sioni haya kuliandika. Angeweza kuniambia. Nisingesugua, au ningesugua nikijua ninachokisugua.

Juzi nilikwenda Kimara kwa binti yangu. Mjukuu wangu, anayetengeneza mabango ya maduka kwa kompyuta, alinionyesha herufi zilezile, matumbo na miguu vilevile. "Bibi, si zinapendeza? Watu wanasema zina upole." Nikamwambia azime. Nje, kwenye ukuta wa nyumba yao, mtu alikuwa amepaka X nyekundu, kwa kuwa barabara inapanuliwa na nyumba itabomolewa. Rangi ilikuwa imechuruzika mpaka chini. Nilisimama mbele yake nikiwa na hasira ileile ya utotoni. Naichukia X hiyo. Ila haikumchekea mtu kama zile Nono, wala hakuna mtoto aliyeisugua.