Ng'ombe wa Mahari Yangu Yuko Kinywani mwa Jirani

Admini, nifiche jina langu, maana mtaa wetu wa Niboye ni mdogo, na jirani ninayetaka kumsema huusoma ukurasa huu kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu ndiye aliyechoka kwanza. Nilikulia Karagwe, Tanzania, nikaoa huko huko, kisha tukarudi Rwanda. Mukecuru wangu, yaani bibi kizee wangu, nimeishi naye miaka arobaini na mitano na bado namwonea wivu kama nimemuoa juzi. Mnaocheka, chekeni, mtazeeka na ninyi.

Jirani nitamwita Silasi. Ni mgane, ana gari, ana meno yake yote, na hupiga pasi hata shati la kulimia. Mwanaume wa hivyo hafai kuishi karibu na watu.

Mke wangu alikwenda Ubelgiji kumsaidia binti yetu aliyejifungua, akakaa miezi mitatu. Ndege ya kumrudisha ilikuwa inatua uwanja wa ndege wa Kanombe saa saba usiku. Binti akatuma sauti kwenye grupu la familia, ndefu kama mahubiri: "Mama, ukitoka nje usimfuate mtu kwa sababu amekuita jina. Jina lako limeandikwa kwenye sanduku, kila mtu analisoma. Simu na pesa usizitoe pale mlangoni. Namba ya gari uijue kabla. Na anayekuja kukuchukua akutajie neno la siri mlilopatana. Asipolitaja, rudi ndani kwa askari."

Nikauliza, "Neno lenyewe ni lipi?"

"Baba, hilo ni la Mama na dereva tu. Wewe lala, macho yako hayaoni usiku."

Na dereva ni nani? Silasi. Alijitolea mwenyewe, eti ujirani.

Jamani, mke wangu na mgane wana neno la siri, na mimi mwenye mke naambiwa nilale. Ungelala wewe? Nilivaa koti la mvua lenye kofia, nikajifunga barakoa iliyobaki tangu enzi za korona, nikapanda moto, ndiyo pikipiki ya abiria kwetu, mpaka uwanjani. Kofia yangu ya sufu nyekundu, aliyonifumia mke wangu mwenyewe, niliisokomeza mfukoni asije akaitambua. Nilitaka kumpima. Nilijiambia, akimfuata mzee yeyote atakayemwita vizuri, basi nimejua ninaishi na nani.

Silasi nilimwona mbali kidogo, amesimama na sweta mkononi. Sweta la nini? La kumfunika mke wangu, nadhani. Damu ikanichemka. Mukecuru alipotoka anasukuma sanduku, nikamwahi, nikakwaruza sauti kama mtu wa mafua. "Mama, karibu nyumbani. Binti yako amenituma nikuchukue."

Hata hakunitazama usoni. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Neno?"

Nikamtaja jina lake.

"Hilo umelisoma kwenye sanduku. Neno."

Nikataja mjukuu mpya. Nikataja parokia yetu. Nikataja hata ugali, Mungu anisamehe. Akarudi nyuma hatua tatu, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka maegesho, "Silasi, njoo, kuna mwizi hapa."

Silasi akaja mbio, akamwambia neno moja tu: "Bihogo." Mke wangu akacheka, akamwachia sanduku.

Bihogo ni ng'ombe wangu. Ndiye ng'ombe wa mahari niliyemswaga kwa miguu siku mbili mpaka kwa baba yake mke wangu, mvua inaninyeshea, nikimbembeleza kwa jina hilo njia nzima. Leo namsikia kinywani mwa mwanaume mwenye sweta.

Askari akaanza kuja upande wangu, nikatimka. Nilidaka moto, nikafika nyumbani kabla yao, nikaingia kitandani na viatu. Mke wangu alipokuja alinikuta nahema.

"Una homa?" akaniuliza.

"Ni usingizi mzito," nikasema.

Akanisimulia habari za jambazi mzee. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, kwa nini alimpa Silasi jina la ng'ombe wetu.

Akasema, "Nilitafuta neno ambalo mwizi hawezi kulibahatisha. Na nilijua kwamba hata Silasi akishindwa kuja ukaja wewe, bila kuambiwa na mtu, ndilo la kwanza ungelitaja."

Mimi nilitaja ugali.

Tangu siku hiyo Silasi ndiye shujaa wa mtaa. Kila asubuhi anamsalimia mke wangu juu ya ua, "Bihogo hajambo?" na mama mzima anacheka kama msichana. Mbaya zaidi, nilipokimbia kofia yangu ilidondoka, naye Silasi aliiokota gizani akaitia mfukoni. Ameitundika ndani ya gari lake, anawaonyesha watu kofia ya mwizi. Mke wangu hajapanda gari hilo tena, bado hajaiona. Jumapili baada ya misa majirani wanakuja kumsalimu msafiri, na Silasi ameahidi kuileta. Mke wangu atatambua kila uzi. Nimefikiria kwenda kuichukua garini usiku, lakini hapo nitakuwa mwizi kweli.

Mwanamke aliyekataa kuondoka hata na mumewe, hakuna wa kumwiba, hilo nimelikubali. Ila nikisema kweli, atajua kwamba nilikwenda kumtega, na kwamba nilimsahau Bihogo. Nikinyamaza, kofia itasema yenyewe mbele ya Silasi na meno yake yote.

Leo ni Ijumaa. Ninyi mliopita darasa la nne, nielekezeni: nimwambie mukecuru wangu leo, au niisubiri Jumapili?