Kamba Imefika kwa Bibi Nyoosha

Mtaani walimwita Bibi Nyoosha, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na mtu aliyezoea kunyoosha mshono hawezi kuvumilia njia iliyopinda. Barabara ilipoanza kutengenezwa, majirani walimchagua asimamie kamba ya kupimia njia ya waenda kwa miguu. Loo, walijuta! Ukuta uliozidi kamba, ubomolewe. Kibanda kilichojitokeza, kiondoke. Kibanda cha fundi viatu, jirani yake wa miaka mingi, kiliondoka hivyohivyo, na tangu hapo mzee yule akawa anampita kama hamwoni.

Msimlaumu upesi. Mwaka uliotangulia mumewe alizidiwa, na gari la wagonjwa likashindwa kuingia. Wanaume wakang'oa mlango wa chumbani, wakambeba juu yake kwenye tope na mashimo. Walifika hospitali wamechelewa. Bibi aliapa kwamba hakuna mwingine atakayekufa kwa ubaya wa njia.

Sasa kamba ikafika kwake. Ikapita katikati ya kibaraza cha saruji alichokijenga marehemu kwa mikono yake, ambapo alikuwa akikaa kila jioni kumpigia mkewe porojo huku yeye akishona.

Fundi mwashi alimwonea huruma. "Mama, tukiipindisha hapa kidogo tu, nani atajua?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bibi alikitazama kibaraza, pale palipong'aa kwa kukaliwa, na kusema kweli alitaka kukubali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Nyoosha," akasema.

Kibarua akainua nyundo.

"Hebu ngoja wewe!" Alikuwa fundi viatu, anavuka barabara mbiombio. Akampokonya kibarua nyundo.

"Umekuja kunicheka, shemeji?" Bibi akauliza.

"Nilipanga hivyo, tena nilikuwa na hamu." Mzee akashusha pumzi. "Lakini ule mlango tuliombebea mumeo, mbele nilishika mimi. Nikateleza kwenye shimo, nikapiga goti. Unajua kaka aliniambia nini? 'Pole.' Mgonjwa ananipa pole mimi! Kibaraza chake hakivunjwi na mtu asiyemjua."

Akakivunja taratibu, akivipanga vipande pembeni badala ya kuvitupa. Bibi hakuweza kutazama. Aliingia ndani, akakaa na huzuni yake mpaka nyundo iliponyamaza, kisha akatoka na maji ya kunywa na kigoda. Akakiweka kigoda karibu na mlango.

"Kaa unywe maji, shemeji. Na kibanda chako... nisamehe."

Fundi viatu hakukaa. Aliinama, akafumba jicho moja, akakipima kigoda kwa kamba, kisha akakisukuma nyuma kwa mguu.

"Kimezidi kidole kimoja, Bibi Nyoosha."

Bibi akacheka mpaka akalia, au pengine alianza kwa kulia. Mzee akakaa, akanywa maji yake yote, akaomba mengine.