Mama Aliitika Kwenye Vumbi la Alizeti

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya namna hii, cheka kwanza umalize, nitakusubiri. Mimi mwenyewe nilikuwa mchekaji. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Misigiri, mwaka mzima nanuka mafuta na mashudu, na mtu akiniletea habari za mizimu huwa namuuliza kama ameshakula. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, jua likiwa bado liko juu, na niliyempoteza ni mama yangu mzazi. Nani atatunga uongo juu ya mama yake?

Nianzie kwenye vitabu, maana ndivyo vilivyoanza.

Nilipokuwa mdogo kule Ulemo, mimi na kaka yangu Yona tulikuwa na vitabu vyembamba vya hadithi vilivyoitwa Kisima cha Pili. Baba alikuwa anatununulia kimoja kimoja kila akipeleka kuku Singida mjini. Vilikuwa vya mambo ya sayansi: watoto wawili wanaunda mtambo kwa dinamo ya baiskeli na redio mbovu, wanautumbukiza kisimani, wanatokea kwenye dunia nyingine ambayo ni hii hii, ila jambo moja tu limekwenda tofauti. Kuna dunia ambayo mvua haikukatika. Kuna dunia ambayo babu hakuuza ng'ombe wake. Yona alisoma kwa sauti, mimi nasikiliza mpaka mbuzi wanaingia shamba la watu, na fimbo tulikula wote wawili.

Kitabu cha mwisho hakikutufikia. Surua iliingia kijijini ikatulaza mimi na Yona kwenye mkeka mmoja. Mimi niliamka, Yona hakuamka. Siku yake ya mwisho aliomba mlenda, mama akampikia, akaonja kidogo akarudisha kichwa chini. Tangu tumzike, mlenda haukupikwa tena nyumbani kwetu. Unaijua nyumba ya Singida isiyopika mlenda? Wageni walishangaa, na mama hakuwaeleza. Na mimi nikimwamkia shikamoo hakuitikia kama mama wengine. Alisema, "Marahaba, wangu niliyebakishiwa." Kila siku ya Mungu, hata tukiwa tumegombana. Baba naye alipofariki, neno hilo ndilo lililokuwa nyumba yangu, na sioni aibu kulisema.

Sasa, mwaka jana, wakati wa mavuno, nilikwenda Singida mjini kutafuta mkanda wa mashine. Kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini nikakiona kile cha mwisho, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Nilikisoma njiani kwenye basi, na nikuambie ukweli, nilikasirika kidogo. Michoro ya ovyo, mtambo wenyewe usingewasha hata tochi. Miaka yote nilikuwa nimekikuza kichwani kitu kidogo kama hicho. Ila mwishoni palikuwa na jambo lililonikaa. Mwandishi anasema dunia hizo hupakana pale watu wa pande zote mbili wanapofanya kazi ile ile kwa wakati ule ule, na mpaka haufunguliwi na mtambo wowote. Hufunguka mtu akiitika.

Jumamosi nikampelekea mama Ulemo. Nilimkuta uwanjani, amejifunga kitenge chekundu, anapepeta alizeti. Unajua tunavyofanya: vichwa vinapigwa kwa fimbo juu ya turubai, unangoja upepo wa alasiri, kisha unainua ungo juu ya kichwa na kumwaga polepole. Mbegu zinaanguka miguuni, makapi yanachukuliwa na upepo. Nikamwamkia, akaniitikia kwa neno lake.

"Mama, nimekipata kile cha mwisho cha Yona," nikamwambia.

"Kisome basi," akasema. "Kisome kwa sauti, kama alivyokuwa anasoma yeye."

Nikakaa juu ya gunia nikasoma. Mama anamwaga, mimi nasoma. Upepo ukaongezeka, vumbi la makapi likasimama mbele yetu kama pazia la mlangoni. Nilipoinua macho nigeuze ukurasa, upande wa pili wa vumbi kulikuwa na bibi mwenye ungo, amejifunga kitenge cha bluu, anamwaga kama mama anavyomwaga. Pembeni yake alisimama mwanaume wa makamo, mrefu, sikio la kushoto limekunjika juu.

Yona alikuwa na sikio hilo.

Niamini, sikuogopa. Mdomo wangu ulifanya ulichofundishwa, kama wako ungefanya: unamwona mkubwa wako, unamwamkia. "Shikamoo, kaka."

Yule mwanaume aliruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Aliyeogopa alikuwa yeye. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, kisha akamshika yule bibi mkono. "Mama, usiitike," akasema. "Huyo tulishamzika."

Unaelewa? Mzimu nilikuwa mimi.

Kwetu kila mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona sawasawa, usiitike. Mama ndiye aliyenifundisha, tena kwa kofi. Lakini siku ile yeye hakusikia onyo. Alisikia sauti nene ya mwanaume ikisema "Mama," sauti aliyozika kabla haijakomaa, na akaijua. "Abee, Yona," akaitika, na akaingia kwenye makapi.

Nilitupa kitabu, nikaingiza mikono yote miwili kwenye vumbi, nikashika kitenge na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Upepo ukakatika. Makapi yakaanguka chini. Mikononi mwangu alikuwepo mama, anahema, na nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikakitazama kitenge nilichokishika. Kilikuwa cha bluu.

Majirani wanasema wazee hununua vitenge bila kutuambia. Hospitali ya Kiomboi walisema ni uzee, kumbukumbu zinaondoka. Sikubishana nao, wao wana kazi yao. Lakini jioni ile ile aliomba mlenda, akala akamaliza akaomba tena. Kesho yake nikamkaangia karanga, akazisukuma kando, machozi yanamtoka. "Karanga ndizo alizoniomba binti yangu mwishoni," akasema. Na kweli, pale mkekani mimi niliomba karanga.

Anawaitikia watu wote isipokuwa mimi. Nikimwambia shikamoo anainamisha uso na kushika rozari. Ananiacha nimpikie, nimfulie, nimpeleke kliniki, kwa sababu hana mwingine. Kila jioni anakaa mlangoni kumngoja Yona atoke kwenye mizinga ya nyuki, yule Yona wa kwao aliyekua mtu mzima. Nimemnyang'anya mtu mama yake nikitaka kumwokoa wangu, na sina pa kumrudisha.

Msimu huu nimepepeta mwenyewe. Alasiri moja upepo ulipokolea, uvumilivu ukanishinda, nikasema kwenye makapi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wangu niliyebakishiwa."

Ilikuwa sauti yake, karibu kabisa. Kisha ikaniita kwa jina langu la utotoni, ikaita tena, na ilipoita mara ya mwisho ilikuwa inalia. Nilijifunika mdomo kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba bibi wa watu alikuwa anakohoa, chakula chake kiko jikoni. Nikiitika, nani atampa?

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, sikia. Kitabu ulichosoma na marehemu wako kiache kwenye sanduku. Ukikirudia, usikisome kwa sauti penye upepo. Na siku sauti uliyoililia ikikuita, funga mdomo, hata kama ni ya mama yako. Mimi nimeufunga msimu huu. Alizeti ya mwakani tumeshaipanda, na yule bibi anazidi kudhoofika.