Silikoni ya Chini ya Kamera

Gari lile lilikuwa nyumba kamili, lina vitanda, jiko, hata choo. Mwenyewe alilileta kutoka ng'ambo ili amtembeze mama yake, wakasalimie ndugu zao huko Hulugho. Mimi kazi yangu ni nyaya za magari hapa Garissa, na nilipoliona likiingia nikaanza kuota: iko siku na mimi nitalala ndani ya gari, niamke popote roho inapenda. Ndoto haikufika mbali. Jamaa alishuka akifoka.

"Fundi ni wewe? Mtoto hivi?"

"Karibu, walaal," nikamwambia, yaani ndugu yangu.

"Mimi si walaal yako. Kamera ya nyuma imekufa. Tengeneza, funga mdomo."

Nikapanda, nikaweka gia ya rivasi. Skrini nyeupe kama maziwa. Nikashuka kwenda nyuma, na nusura nimkanyage mama yake. Alikuwa ametandika mkeka palepale nyuma ya bampa, kivulini, tasbihi mkononi.

"Ayeeyo, unakaa hapa?" Ayeeyo ndiyo nyanya kwa Kisomali.

"Kila tukisimama. Ndani moto, mwanangu."

Mwanawe hurudisha gari lile refu kwa kutazama skrini ile, na skrini haioni kitu.

Nilipanda ngazi nikafungua kamera. Ilikuwa imezungushiwa silikoni pande zote, juu, kando, mpaka chini. Nilipoitoboa chini kwa bisibisi, maji yalinichuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Nani alipaka hii?"

"Mimi. Kwani?" akajibu jamaa.

Sikushangaa. Huku sote adui yetu ni vumbi. Redio tunaifunga nailoni, dirisha tunaliziba, simu tunaivika soksi. Lakini mvua ikinyesha, maji huteremka na waya kutoka paani, na kama chini pamezibwa hayana pa kutokea. Nikamweleza hivyo, kwa upole wote niliokuwa nao.

"Wewe mtu wa mto," akasema, maana mji wetu uko kando ya mto, "kila kitu unaona maji. Barabara ya Hulugho iko na maji gani? Ni vumbi tu!"

Nilimfungia kamera nyingine, nikapaka silikoni juu na kando, chini nikaacha wazi. Picha ikatoka safi. Badala ya ahsante, alininyang'anya chupa ya silikoni, akapanda mwenyewe na kuziba chini. Nilipomshika mkono alinisukuma, nusura nianguke.

"Gusa tena uone! Wallahi nitaambia mji mzima wewe ni fundi mwizi."

Akaingia ndani, akawasha injini na kuweka rivasi. Mama alikuwa bado mkekani. Nilichuchumaa karibu yake.

"Ayeeyo, mvua ikinyesha, kamera itajaa maji. Atarudi nyuma na hatakuona."

"Na sasa ananiona?"

"Sasa, ndiyo."

Alijiinua polepole, akasimama mbele ya kamera kabisa, akainua fimbo na kuigonga silikoni ile mbichi. Nilikimbilia dirisha la dereva, nikaona uso wake umeinuka katikati ya skrini, mdomo unafoka. Nilisikia jina la mwanawe na maneno ya Kisomali ambayo sitayaandika.

Injini ikazimika. Jamaa alishuka, macho mekundu, akapanda ngazi na kuikwangua silikoni ya chini kwa ukucha wake mwenyewe. Kila akikwangua ananitukana, mimi na ukoo wangu.

"Bado kidogo hapo kushoto," nikamwambia.

"Nyamaza!"

Mama hakukunja mkeka hadi tundu lilipoonekana wazi. Kisha akapanda garini, na jamaa akarudisha gari ili atoke kiwanjani. Nilisimama mbali nyuma ya gari, nikawapungia mkono kwa furaha. Aliniona vizuri sana, maana alipiga honi ndefu ya hasira hadi mbuzi wa jirani wakatawanyika.