Wimbo wa kumzikia mke wangu ulivyogeuzwa wa kulima

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Humu ndani nastahili kuitwa babu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijatia. Juzi nilisoma uzi wa vijana wanaosema waimbaji wa injili wa enzi za Ujamaa walikula raha kwa sababu hawakuhangaikia viewers. Niliumia.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi cherehani Kariakoo, kwenye baraza Mtaa wa Sikukuu. Jioni nilikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Nyimbo nilitunga mwenyewe, naandika solfa, zile do-re-mi, ubaoni, kila sauti inajifunza mstari wake. Kinanda hatukuwa nacho.

Mke wangu, Mama Neema, aliimba sauti ya kwanza. Akaugua figo. Alipoona hatarudi tena mazoezini, akaniomba nimtungie wimbo wa kumzikia.

Jamani, kumtungia wimbo wa kaburini mtu unayelala naye kitanda kimoja, simwombei hata adui yangu.

Nikautunga. Ulianza, "Nipokee, Baba, nimechoka." Kwaya ikaja kumwimbia chumbani, akatabasamu, akasema ndio wenyewe.

Haukupita muda, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbwana, akaleta agizo. Keshokutwa kuna mkutano wa hadhara Mnazi Mmoja, kila kundi lije na wimbo wa kuhamasisha kilimo. Wazee wa kanisa wakaitikia palepale. Enzi zile nani angekataa?

Wimbo mpya wa sauti nne hauivi kwa siku mbili. Tulichofanya ndicho walichofanya walimu wengi wa kwaya: unachukua tyuni ambayo watu wameishika, unabadilisha maneno. Na waliyoishika vizuri kuliko zote ilikuwa ile ya Mama Neema.

Ikawa, "Tulimeni, ndugu, tusichoke." Wanakwaya wakaongeza makofi na kiitikio, "Jembe, jembe."

Wakuu, ulishika balaa. Foleni ya sukari duka la ushirika wanauimba, watoto wakiruka kamba ni huohuo. Mama Neema alikuwa anausikia dirishani. Nilimwambia nitamtungia mwingine.

Akanijibu, "Mwingine sina nguvu ya kuuzoea, Baba Neema. Niimbieni huuhuu. Mungu anajua ni wangu."

Alifariki wakati wa masika. Tulimzika Kinondoni. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, na walikuja wote, wakapokezana jeneza na sisi.

Kwaya ikaanza kwa maneno yake mwenyewe, "Nipokee, Baba, nimechoka." Mstari wa pili haujaisha, nikasikia makofi nyuma. Watu walijua ni ule wa mkutano, maneno ya kwanza hawakuyasikia vizuri, wakaona watusaidie. Kwa upendo kabisa wakaitikia, "Jembe, jembe."

Mchungaji akainua mkono, kwaya ikanyamaza. Mzee Mbwana akanisogelea, akaniuliza taratibu kama wamekosea. Nikamwambia, "Hapana mzee, hamjakosea." Tukamfukia kwa sala tu. Ombi lake moja alilowahi kuniomba lilikwama pale.

Sikutunga tena. Si kwamba sikujaribu. Kila nikianza sauti, makofi yale yananijia kichwani, naacha. Kwaya nikaikabidhi kwa mwingine.

Na huo wimbo wa kulima nao umekufa, hakuna anayeukumbuka. Mwaka jana Neema aliniomba nimwimbie ule wa mama yake aurekodi kwenye simu. Nilifika "Nipokee, Baba", nikashindwa. Alizima simu.

Funzo ninalo moja tu, na limekuja kwa kuchelewa: ulichomtungia mtu wako kibaki kwake, aje nani kukiomba.

Nasikia watu wanasema muda unaponya. Mimi sijapona. Mliowahi kushindwa kumtimizia marehemu wosia wake, naomba mniandikie hapa chini mnaishije nalo. Nitasoma zote.