Nilimfundisha Kusimama Mahali Pake

Mguu wangu wa kushoto ulivunjwa na kiboko nikiwa kijana wa kupiga kafi, ukaunga vibaya, na ndiyo sababu nikawa mwalimu. Mtu asiyeweza kukimbia hupewa kazi ya kukaa nyuma na kupiga kelele. Nilikaa nyuma, nikapiga kelele, na katika kazi hiyo nilikuwa hodari kuliko wote waliokuwa na miguu yao miwili mizima. Sisemi hivi kwa kujisifu. Laiti ningekuwa mjinga.

Mchezo wenyewe tuliucheza kiangazi, mafuriko yakishapungua na mbuga kati ya Ifakara na mto Lumemo ikishakauka. Kila mchezaji alikuwa na fimbo yenye panda, na kwenye panda amefunga kipande cha wavu wa kuchotea samaki. Mpira tuliufinyanga kwa utomvu wa mpira wa porini, ule ule ambao akida alitutuma msituni tukamtafutie. Tulimwibia kidogo kidogo. Unaudaka kwa wavu, unakimbia nao au unamrushia mwenzako, na ukiupitisha kati ya vijiti viwili vya wapinzani, umefunga. Tulicheza saba kwa saba. Meno yalitoka, vidole vilivunjika, na hakuna aliyeshtakiwa kwa jumbe.

Timu yetu ilifungwa kila mwaka. Watu wa Kisawasawa, ambao ni watani wetu tangu enzi za mababu, walitusimanga mpaka misibani. Baba yetu alipofariki walikuja matangani, wakaketi karibu na mama, wakamwambia kwamba mzee amekufa kwa aibu ya kuwaona wanawe wakifungwa. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, na zikinipanda hazishuki mpaka nimefanya kitu.

Nikaanza kuangalia kwa makini. Niliona kwamba sisi tulikuwa tunakaba mtu kwa mtu: kila mlinzi amepewa mpinzani wake, popote aendapo amfuate. Wenzetu wa Kisawasawa walishaligundua hilo zamani. Mmoja wao alikuwa anakimbilia pembeni makusudi, bila mpira wala nini, mlinzi wetu anamfuata mpaka kwenye matete, katikati panabaki wazi, na mpira unapita hapo hapo. Basi nikachota majivu jikoni kwa mama, nikaenda nayo mbugani, nikaugawanya uwanja wetu wa nyuma vipande vipande. Vipande hivyo nikaviita mashamba.

"Kila mtu na shamba lake," niliwaambia. "Mtu akiingia shambani mwako, mpige. Akitoka, mwache. Hajapotea, ameingia kwa jirani yako. Wewe piga ukelele, 'Huyo!', jirani asikie, halafu rudisha macho shambani mwako, maana mwingine yuko njiani."

"Na mpira ukiwa mbali kabisa?" aliuliza mdogo wangu.

"Simama."

"Na nikiona wanatufunga upande ule?"

"Simama. Wakitufunga upande ule nitamtukana mwenye shamba lile. Hilo halikuhusu."

Mdogo wangu ndiye aliyenisumbua. Alikuwa mtu mzima, ameshatoa posa, na bonde zima hapakuwa na mtu wa kumkamata akianza kukimbia. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asimame unamtesa, na mimi nilijua kwamba namtesa. Kila mpira ukirushwa, yeye ameshatoka mbio, shamba lake limebaki tupu. Nilimkemea, nikampiga kwa fimbo, haikusaidia. Mwishowe nikachomeka kigingi katikati ya shamba lake, nikamfunga kamba kwenye kifundo cha mguu, urefu wake wa kumfikisha mpakani tu. Siku ya kwanza alichomoka kama kawaida yake, kamba ikamvuta, akaanguka kifudifudi mbele ya wakwe zake watarajiwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kaka, mimi si mbuzi," aliniambia, mdomo umejaa vumbi.

"Mbuzi ana akili kukushinda. Akifika mwisho wa kamba anarudi."

Alinitukana, kisha akacheka, akasimama tena. Nilimfunga kila alasiri kwa mwezi mzima. Nilipomfungua alikaa ndani ya shamba lake kana kwamba kamba bado ipo, na akawa na desturi moja: akiingiwa na wasiwasi, anageuza kichwa kunitazama mimi kule nyuma, nami nashusha kiganja chini. Maana yake, kaa. Naye anakaa. Nilimpenda sana kwa ajili ya hilo, na sikumwambia.

Mwaka ule Kisawasawa hawakutufunga hata mara moja. Walizunguka mashamba yangu wee mpaka wakachoka, mmoja wao akatupa fimbo chini akasema hawa siku hizi wanacheza kama nguzo za zizi. Watu walinibeba mabegani, mimi na mguu wangu mbovu. Nilikuwa mtu mkubwa kwa kiangazi kimoja.

Kiangazi kilichofuata mchezo haukuchezwa. Dawa ya maji ilifika, tukanywa na kunyunyiziwa, tukaambiwa risasi za Mdachi zitageuka maji. Wanaume walipanda Mahenge kwenda kulipiga boma, sisi na watani wetu wa Kisawasawa pamoja. Kule walikutana na bombomu, bunduki inayotema risasi mfululizo, na waliorudi walikuwa wachache. Wale saba wangu walirudi kwa sababu walipewa kazi ya kubeba chakula nyuma ya jeshi. Mdogo wangu hakusimulia alichokiona. Alikaa uani akichonga mpini wa jembe siku nzima, mpaka mpini ukaisha.

Baada ya hapo askari wa Mdachi wakaanza kushuka bondeni. Hawakuwa wanatafuta vita tena, walikuwa wanatafuta maghala. Wanachoma nyumba, wanachukua mpunga, ule wasioweza kuuchukua wanautia moto. Asubuhi moja tukaona moshi upande wa Kisawasawa. Jumbe akaamua wanawake na watoto wabebe nafaka yote waende mto mkubwa, wapande mitumbwi, wakajifiche kwenye visiwa vya matete. Wakikamatwa mbugani na mizigo yao, basi, hata atakayepona risasi atakufa kwa njaa. Na mama alikuwa miongoni mwao. Jumbe akanigeukia.

"Wewe si ndiye fundi wa kuzuia? Tuzuilie Lumemo mpaka mitumbwi iondoke."

Mpaka leo inanichoma nikikumbuka kwamba nilifurahi kuulizwa.

Lumemo ulikuwa umepungua, unavukika popote. Nikawapanga saba wangu ukingoni, kila mtu na shamba lake, na mipaka nikaiweka kwa majivu kama tulivyozoea. Wa katikati nilimpa gobori pekee tulilokuwa nalo, waliobaki walikuwa na mikuki. Mdogo wangu nilimweka mwisho kabisa, upande wa njia iendayo kwenye mitumbwi. Mimi nikapanda kichuguu nyuma yao, ambapo niliiona na mitumbwi kwenye mto mkubwa. Nilijiambia hakuna kitakachopita hapa bila kuingia shambani mwa mtu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipiga hesabu ya mpira, kitu ambacho lazima kipite mahali ndipo kikudhuru. Askari hawakuvuka. Walipiga magoti ng'ambo, wakampiga risasi yule wa shamba la kwanza. Jirani yake akapiga ukelele, "Huyo!", akarudisha macho shambani mwake, na shambani mwake hapakuwa na mtu. Kisha naye akaanguka. Walikwenda hivyo kwa mpangilio, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, bila haraka, kama watu wanaochuma pamba kwa mistari. Wa katikati alifyatua gobori mara moja, moshi ukamfunika, na ulipotawanyika alikuwa amelala. Hakuna aliyetoka shambani mwake. Niliwafundisha vizuri.

Akabaki mdogo wangu. Matete yalikuwa hatua ishirini nyuma yake, na kwa mbio zake hatua ishirini hazikuwa kitu. Aligeuza kichwa akanitazama. Mimi nikatazama mitumbwini. Nusu ya wanawake walikuwa bado nchi kavu, na mama amesimama majini, maji ya magoti, kikapu cha mpunga kichwani, anangoja zamu yake. Askari walikuwa hawajavuka kwa sababu mtu mmoja bado amesimama mbele yao.

Nilishusha kiganja chini.

Akarudisha uso shambani mwake. Risasi mbili zilimkosa, nadhani, maana alikaa pale muda wa mitumbwi miwili kujaa na kuondoka, na katika wa pili nilimwona mama. Kisha nikajiangusha kutoka kichuguuni, nikatambaa mateteni mwote hadi mto mkubwa, bila kutazama nyuma.

Kisiwani watu walinishukuru. Wanawake walipiga magoti mbele yangu, wakasema nimewaokoa wao na watoto wao, na walikuwa wanasema kweli. Mama alikuja mwisho, nguo zake zimelowa.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Amebaki, mama."

"Alikuwa na mbio yule. Mbona hakukimbia?"

Ningeweza kumwambia. Watu wote walikuwa wamenizunguka, bado wana shukrani machoni, na mimi nikaogopa.

"Nilimwita akimbie. Alikataa."

"Ulimwita, akakataa?"

"Alikataa, mama."

"Mkaidi yule," alisema, akaketi chini kwenye tope.

Mpunga ule ulitufikisha mahali ambapo vijiji vingine havikufika. Njaa iliua watu wengi bondeni kuliko bunduki. Tuliporudi Ifakara, nguruwe walikuwa wanalala ndani ya magofu ya nyumba zetu. Tulifyeka, tukalima, tukaanza upya. Mama aliishi miaka mingi.

Kila mwaka baada ya mavuno alifanya tambiko. Alimmiminia baba pombe, akazungumza naye kwa upole, akamwomba mvua na wajukuu. Aliwamiminia wazee wake wote. Akifika kwa mdogo wangu alikuwa hamimini.

"Wewe kaka yako alikuita," alikuwa anamwambia, sauti imempanda. "Alikuita, ukajifanya huna masikio. Hukunihurumia hata kidogo. Leo wataka nini kwangu?"

Kisha kibuyu cha pombe, lile fungu la marehemu, ananigeuzia mimi.

"Kunywa wewe, mwanangu, uliyejaribu."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa, kila mwaka, mpaka alipokufa.