Shomoro na Kioo cha Baiskeli

Juzi, kijiweni Bombambili, vijana wa bodaboda walikuwa wanamcheka shomoro aliyekuwa akidonoa kioo cha pikipiki. Nilivua kilemba changu nikakifunika kile kioo. "Mama, si ndege tu huyo," mmoja akaniambia. Nikakaza fundo la kilemba.

Nilikuwa mdogo nilipoona shomoro wa kwanza wa namna hiyo. Baba mdogo alikuwa ameegemeza baiskeli yake chini ya upenu wetu, harufu ya kande ikitoka jikoni, na shomoro dume akashinda anagonga kioo cha baiskeli hiyo. Nilidhani anambusu mchumba wake. Baba mdogo aliita majirani waje kucheka, na kila ndege alipochoka akaondoka, alikigeuza kioo kimwelekee tena. Kwenye tundu la ukuta makinda walilia mno, nikadhani wanamshangilia baba yao.

Mama yao alikuwa ameshaliwa na paka wetu, na wakubwa wote walijua. Leo najua shomoro yule aliiona sura yake kiooni akadhani ni adui anayevamia kiota chake, akapigana naye huku wanawe wanakufa njaa.

Jioni ile makinda walinyamaza.

"Afadhali," alisema baba mdogo akipanda baiskeli yake. "Walizidi kelele."